Mawe manne na volti 580

Ndugu msikilizaji, mwaka juzi, katika pitapita zangu za Kariakoo, nilimkuta kijana mmoja ametandaza turubai lake kando ya njia, na juu yake vyombo vya umeme vilivyokwisha tumika Ujapani. Katikati ya pasi na mashine za kunyolea palikuwa na hedifoni kubwa zenye umbo la mstatili. Waya wake ulikuwa bapa kama utepe, na mwisho wake plagi yenye miguu mitano. Sijapata kuona redio wala simu yenye matundu matano ya namna ile. Kijana mwenyewe akaniambia ukweli: "Hizi, mzee, hazina pa kuchomeka." Nikazinunua kwa bei ya sahani moja ya chipsi na kuku, kwa sababu nilimkumbuka mpwa wangu aliyeko Mwazye.

Kwa wasiopafahamu, Mwazye iko Ufipa, mkoani Rukwa, katika wilaya ya Kalambo iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012. Ndiko alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Huyo mpwa wangu ni fundi wa redio na simu. Hana cheti, ana meza, chuma cha kulehemu, mita moja ya mkononi na sola juu ya bati. Nilimpelekea zile hedifoni kama mtu anavyompelekea mtoto kitendawili. Sikujua kwamba namletea dada yangu usiku kadhaa wa kukosa usingizi.

Yule kijana akatafuta katika simu yake, akagundua kwamba chombo kile kimetengenezwa na Stax, kampuni ya Kijapani iliyotoa hedifoni za umeme tuli za kwanza mwaka 1960. Wenyewe huziita spika za masikio. Hedifoni tulizozizoea zina sumaku na koili, na hutosheka na volti chache tu. Hizi za umeme tuli hazina sumaku. Ndani yake mna utando mwembamba mno, maikroni mbili hivi au chini ya hapo, wakati unywele wa mtu una maikroni kama sabini. Utando huo unajazwa chaji na kutundikwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Amplifaya hupeleka muziki kwenye sahani hizo kwa kupishana: hii ikivuta, ile inasukuma. Utando hutetemeka wote kwa pamoja, nao kwa kuwa hauna uzito wa kutajika, hufuata kila kitu, hata pumzi ya mwimbaji.

Ila sharti lake ni volti. Plagi ya miguu mitano maana yake utando unataka volti 580. Zile za zamani zenye miguu sita hutaka 230. Na sahani zenyewe, ili sauti isikike sawasawa, zinataka volti mamia kadhaa za muziki. Mkondo ni mdogo sana, lakini volti ni nyingi. Amplifaya za disko na za harusi tunazozijua hapa mjini hazifai kabisa kwa kazi hiyo. Hii ni amplifaya ya mtu mmoja, tena ya kimya.

Hapa, ndugu msikilizaji, niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Mafundi wa zamani walizijua volti. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka wa Ufipa, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya paundi tano ambayo umbo lake lilitokana na sufuria, hata ikaitwa kwa jina la sufuria. Ilikuwa redio ya valvu, na redio za valvu za namna hiyo zilihitaji betri ya volti makumi kadhaa. Fundi wa enzi zile alijua kwamba ndani ya kasha mna kitu kinachouma. Kisha zikaja transista. Tangu hapo fundi wa kijijini amelelewa na mawe manne ya redio, yaani volti sita. Anashika bodi kwa kidole ikiwa inaimba, anaonja betri kwa ulimi kujua kama bado ina nguvu. Mpwa wangu ni mtoto wa mawe manne. Mimi ndiye niliyemrusha kutoka volti sita hadi 580.

Michoro aliipata bure. Kuna Mmarekani, Kevin Gilmore, ambaye amplifaya zake za aina hii amezitoa hadharani, na wapenzi wa kazi hiyo katika nchi nyingi wamezijenga. Vifaa ndivyo vilivyokuwa taabu. Transista za kustahimili volti mamia hazikai katika redio. Zimo katika televisheni za chogo. Basi akawa ananunua bodi za chogo zilizokufa, anazifumua transista moja moja, anazipima na kuandika nguvu ya kila moja katika daftari la shule. Kwa nini? Kwa sababu upande unaovuta na upande unaosukuma lazima viwe na transista zinazolingana kama fahali wa jembe moja. Transfoma alisukiwa Sumbawanga mjini na fundi wa kusuka mota, ambaye, nasikia, aliuliza mara tatu kama kijana ana akili timamu. Kilichopatikana kilikuwa volti 350 juu ya sifuri na 350 chini yake. Kati ya ncha hizo mbili pana volti 700.

Siku ya nne ya majaribio alizima, akachomoa waya ukutani, akaingiza mkono. Kapasita za ugavi zilikuwa bado zimejaa. Alitupwa hadi kwenye ukuta, na mkono ukafa ganzi tangu saa nne asubuhi mpaka jioni. Dada yangu alinipigia simu akisema neno moja tu: "Njoo uchukue mdudu wako." Nilikosa la kujibu.

Sikumchukua yule mdudu. Nilikwenda kwa mzee mmoja mstaafu, mhandisi wa mitambo ya kurushia matangazo, nikamweleza. Hakucheka. Alisema: weka rezista kubwa sambamba na kila kapasita, ili umeme ujimwage wenyewe ukizima, subiri, kisha pima kwanza, uhakikishe mita inasoma sifuri kabla kidole hakijaingia. Na chombo kikiwa kinawaka, pima kwa mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani. Maneno machache tu. Lakini kijana angeyapata wapi? Maonyo yaliyokuwa katika michoro yalikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo, nami sijaona bado kijitabu cha Kiswahili kinachomwambia fundi wa redio kwamba chombo kilichozimwa kinaweza kuua.

Baada ya wiki mbili kijana akanipigia mwenyewe. "Shikamoo mjomba. Ile 580 haifiki. Inasoma 395. Nataka kuongeza ngazi mbili za kapasita ipande." Nikampa mzee simu. Mzee akamwuliza rezista iliyo kwenye njia ya utando ni ya kiasi gani. Megaohmu 4.7. Na mita yako ina ukinzani wa kiasi gani? Megaohmu 10, kama mita nyingi za siku hizi. Mzee akachukua kalamu. Unapogusisha mita mwisho wa rezista ile, mita yenyewe inakunywa umeme. Kumi igawanye kwa kumi na nne na nukta saba, zidisha kwa 580, utapata 395 kasoro kidogo. Volti zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo! Angeongeza zile ngazi mbili, utando ungevutwa mno hata ungenata kwenye sahani, au cheche zingeuchoma, na hedifoni zingekufa.

Nimeisimulia hesabu hiyo kirefu kwa makusudi. Tuna desturi ya kusema fundi mzuri ana mkono. Kijana huyu mkono anao, mita anayo, na bado mita ilimdanganya bila kusema uongo.

Kurekebisha ndiko kulikochukua siku nyingi zaidi. Kila sikio lina skrubu mbili ndogo: moja ya kusawazisha sahani mbili kati yao, nyingine ya kuzishusha zote kwenye sifuri ya ardhi. Ukiigusa hii, ile inahama. Isitoshe, amplifaya ya namna hii hula umeme ule ule hata muziki ukinyamaza, na yote hugeuka kuwa joto. Na Ufipa, kama mnavyojua, mwezi wa sita kuna baridi ya kuvalia koti. Alisawazisha asubuhi, adhuhuri akakuta zimehama kwa volti ishirini. Akajifunza kuiwasha nusu saa, kasha likiwa limefungwa, ndipo akaingiza bisibisi ya plastiki katika matundu aliyotoboa juu. Inveta yake ya bei nafuu nayo ilileta mvumo ambao hakuna skrubu iliyouondoa; akalazimika kuazima nyingine.

Wapo watakaouliza faida ya hangaiko lote hili kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja. Sennheiser wa Ujerumani walitengeneza hedifoni za jamii hii na amplifaya yake ya valvu mwaka 1991, pea 300 tu, na toleo lake jipya lilitangazwa mwaka 2015 kwa bei ya takribani euro 50,000. Huko ni anasa, sibishi. Mwazye si anasa. Kule ndiyo maabara ya fizikia ambayo shule aliyosoma kijana yule haikuwa nayo.

Nilikwenda kusikiliza mwenyewe mwaka jana. Akaniwekea kaseti ya kwaya ya kijijini, iliyorekodiwa zamani, ambayo nyumbani kwa dada imepigwa hata imechakaa. Nikasikia sauti ya tatu ikichelewa kuingia, na mtu akigeuza karatasi. Kisha, nyuma kabisa, jogoo akawika. Nikamwita dada, akavaa, akasikiliza, akatoa. "Huyo jogoo alikuwepo siku zote?" akauliza. Kisha akamwambia mwanawe arudishe kasha katika sanduku lenye kufuli, maana wajukuu walikuwa wanarudi kutoka shule.

Kijana sasa anataka kipimio cha volti kubwa, kile chenye ukinzani mwingi kisichokunywa umeme wa kinachopimwa. Nimekizungukia Kariakoo yote, sijakipata. Yule muuza turubai ameahidi kuniangalizia katika mzigo ujao.