KAMA KURA NI KARATASI TU, MBONA WALIUA?

Ndugu yangu kijana, wewe uliyekaa kijiweni na gazeti hili mkononi, nimekusikia. Unasema: "Kura yangu itabadili nini? Vigogo wameshagawana." Leo sikubishii. Nakupa kisa cha Mississippi, Marekani.

Mwaka 1962 mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha huko alipewa ibara ya katiba ya jimbo aifafanue. Karani Mzungu ndiye aliyeamua kama amefaulu! Kisha jina lake likatangazwa gazetini majuma mawili, bosi wake alione. Fannie Lou Hamer alijaribu Agosti mwaka huo. Siku ile ile akatimuliwa kwenye shamba alilolitumikia miaka 18. Ndiyo maana weusi walioandikishwa hawakufika 7 katika kila 100.

Kiangazi cha 1964 wakaja vijana mamia, wengi wao wanafunzi wa Kizungu kutoka kaskazini, ambako wazazi wao walipiga kura bila kuulizwa katiba. Walipokewa na vijana weusi ambao walishapigwa na kufungwa kwa kazi hiyo. Wakalala nyumba moja, wakala pamoja. Walikwaruzana pia, usidhani ilikuwa harusi. Lakini kazi ilikwenda. (Sisi hapa bado tunaulizana kabila na dini kabla ya kupeana mkono.)

Wapo watatu nataka uwajue. James Chaney, miaka 21, mweusi, fundi lipu, mzaliwa wa pale pale. Michael Schwerner, 24, na Andrew Goodman, 20, Wayahudi wa New York. Tarehe 21 Juni walikwenda kuangalia kanisa la weusi lililochomwa moto. Polisi akawakamata, eti mwendo kasi. Usiku wakaachiwa, wakafukuziwa na genge la Ku Klux Klan, polisi huyo huyo akiwemo, wakapigwa risasi. Maiti zilifukuliwa chini ya tuta la bwawa tarehe 4 Agosti.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1965, sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa saini. Kufikia 1967 weusi walioandikishwa Mississippi walikaribia 60 katika kila 100. Na mmoja wa waliopanga mauaji yale, mzee wa miaka 80, alitiwa hatiani tarehe 21 Juni 2005, miaka 41 kamili baadaye.

Haya, wewe uliyesema karatasi: kadi yako ya kupigia kura iko wapi?