Maji Machafu ya Mji na Siku Zake

Leo nataka kuwaeleza habari za jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni maji machafu ya mji: ya vyooni, ya jikoni na ya kufulia. Yakiisha kuingia katika mabomba, huenda wapi?

Katika nchi kame swali hili ni kubwa. Tutwae Dodoma kuwa mfano. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na kwa kawaida haifiki milimeta 600 kwa mwaka. Kisha mito hukauka ikawa mchanga mtupu. Basi maji ya mji, hata yakiwa machafu, ni mali, na mwenye bustani huyatazama kwa tamaa. Mimi simlaumu. Lakini mali hiyo ina wakati wake wa kuvunwa.

Huko Swaswa yalichimbwa mabwawa ya kuyapokea. Mabwawa ya namna hii hufuatana kama madarasa ya shule. La kwanza lina kina kirefu. Taka nzito huzama, na vijidudu visivyohitaji hewa huzila. La pili kina chake ni kama meta moja au mbili, na mwanga hupenya. Humo humea mimea midogo mno, hata maji yote yakaonekana kijani. Mchana mimea hiyo hutoa hewa njema majini, na vijidudu vingine huitumia hewa hiyo wanapokula uchafu uliosalia. Katika mabwawa ya mwisho jua huua viini vya maradhi. Na mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, hushuka chini polepole katika mabwawa yote. Hapana mashine wala dawa. Mtenda kazi ni jua, na ujira wake ni siku.

Siku hizo zaweza kupunguzwa bila mtu kujua. Chukua pipa la madebe 10 lililojaa. Ukitia debe 1 kila siku, na debe 1 likamwagika upande wa pili, maji hukaa pipani siku kama 10. Ukitia madebe 2, hukaa siku 5 tu. Pipa ni lile lile, lakini kazi imekatwa nusu. Ndivyo ilivyo kwa mji unaokua. Mwaka 1967 Dodoma ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 23,000; katika hesabu ya 2022 walikuwa zaidi ya 760,000. Watu huongezeka wenyewe. Mabwawa hayaongezeki yasipochimbwa, wala tope lake haliondoki lisipozolewa.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo: maji ya kumwagilia mimea yasiwe na zaidi ya yai 1 la mnyoo katika lita 1. Msidhani ni ukali wa bure. Yai la mchango laweza kukaa udongoni miezi mingi, hata miaka, likimngoja mtoto anayekula bila kunawa. Mnyoo wa safura hauhitaji kuliwa. Huingia kwa wayo wa mguu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wakulima, msitoboe bomba kabla halijafika bwawani. Tumieni maji yaliyokwisha pita mabwawa yote na kupimwa. Vaeni viatu shambani. Acheni kumwagilia siku kadha kabla ya kuvuna, wala msiyatie katika mboga zinazoliwa mbichi. Nanyi akina mama, mchicha uliostawi sana wakati wa kiangazi uosheni vema na kuupika hata uive. Na wazee wa mji, mkigawa viwanja vipya, gaweni na mahali pa bwawa jipya.

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Asiyevumilia hula mbichi, na watoto wake hula pamoja naye.