HAKUFA GHAFLA



Nilipokuwa darasa la saba baba yangu alianguka uani baada ya futari. Kabla ya isha alikuwa ameshatutoka. Matangani kila mtu alisema, "Amekufa ghafla." Nilipokuwa mkubwa ndipo mama akaniambia: sukari alikuwa nayo miaka kumi, na alikuwa akiificha.

Sukari ikizidi kwenye damu huumiza kuta za mishipa polepole. Mafuta hushika hapo, njia ikawa nyembamba, kisha siku moja damu ikaganda na kuziba. Ukiziba mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo. Ukiziba wa ubongo ni kiharusi. Kwa hivyo baba hakufa ghafla. Alikuwa akienda kila siku na sisi hatuoni.

Yuko mtu aliyetumia umri wake kuyahesabu haya. Dkt. Salim Yusuf alizaliwa Kerala, India, akasomea udaktari Bangalore, na mwaka 1976 akaenda Oxford kwa udhamini wa Rhodes. Baadaye alifanya kazi Marekani, kisha Kanada katika Chuo Kikuu cha McMaster.

Mwaka 2000 yeye na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uitwao HOPE. Watu zaidi ya 9,000, baadhi yao wakiwa na sukari, waligawanywa: hawa wakapewa dawa ya ramipril, wale kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walipungukiwa na vifo vya moyo, mshtuko na kiharusi.

Mwaka 2004 ukaja INTERHEART. Katika nchi 52, Afrika ikiwemo, walichukua wagonjwa wapatao 15,000 wa mshtuko wa kwanza wa moyo, wakawalinganisha na wasiougua. Walikuta mambo tisa yanabeba asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na 94 kwa wanawake. Miongoni mwake ni sigara, mafuta mabaya ya damu, presha, sukari, kitambi, dhiki za nafsi, kutokula matunda na mboga, na kukaa bila mazoezi.

Ajali ni ya Mungu, hilo hatubishani. Lakini hebu yatazameni hayo mambo. Lipi lisilopimika? Lipi lisiloguswa na mkono wa mtu?

Basi nawaomba mambo mawili. Kwanza, leo mkikaa kufuturu muulizeni baba, muulizeni mama: "Umepima sukari? Umepima presha?" Mwenye sukari aonane na daktari kabla hajafunga, asibadilishe dawa kwa kichwa chake. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yetu. Kuitumia si aibu.

Pili, nyinyi mlio shuleni, msiogope hesabu na bayolojia. Dkt. Yusuf hakuanza na maabara kubwa. Alianza na daftari la mwanafunzi kama lako.

Mimi sikumuuliza baba. Wewe wako bado yupo.

Wabillahi tawfiq.