Muuguzi na Amana ya Uongozi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Maneno ya leo yahusu jambo linenwalo kwa sauti ndogo katika hospitali. Muuguzi hodari aitwapo kuwa msimamizi wa wodi au wa kituo, mara nyingi moyo wake husita. Wako wafurahio cheo. Lakini wengi huomba waachwe karibu na kitanda cha mgonjwa.

Kusita huko si uvivu. Muuguzi alisomea kufunga jeraha, kuzalisha na kupima homa. Kupanga zamu na kuamua ugomvi wa watumishi alifundishwa kidogo tu. Akishika cheo, wenziwe wa jana humwona leo kuwa jicho la wakubwa. Dawa zikikosekana, lawama ni yake, ijapokuwa fedha hazimo mkononi mwake. Kikao cha jioni humkuta chungu cha nyumbani hakijainjikwa. Nao walio nje husema kazi ya mezani ni nyepesi; kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata hivyo, katika Uganda uongozi humfuata muuguzi hata asipoutaka. Kwa utaratibu wa serikali, kituo cha afya cha daraja la pili, kilicho kidogo kuliko vyote vyenye jengo, huongozwa na muuguzi. Yeye ndiye adungaye sindano, na yeye ndiye apokeaye dawa ziletwazo na Bohari ya Taifa kila baada ya miezi miwili. Akizigawa bila hesabu mwezi wa kwanza, mgonjwa wa mwezi wa pili hurudi mikono mitupu. Je, hesabu hiyo si uuguzi?

Tazameni Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hata ikawa wilaya peke yake mwaka 2005. Iko mpakani mwa Kongo na Sudan Kusini, na vita vya mwaka 2016 viliwaleta wakimbizi wengi sana West Nile. Mgonjwa mmoja husema Kikakwa, wa pili Kilugbara, wa tatu Kinubi au Kiarabu. Muuguzi mmoja aweza kumfariji mgonjwa mmoja. Msimamizi apangaye zamu kwa busara huweka kila usiku mtu asikiaye lugha ya wagonjwa, nao wote wakafarijika.

Wala jambo hili si geni. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa katika hema la Rufaida msikitini Madina. Hema la majeruhi halisimami kwa huruma peke yake. Lataka maji, vitambaa, na mtu wa kuamua nani atangulie. Florence Nightingale naye, aliyewauguza askari wa Uingereza huko Scutari tangu mwaka 1854, aliyaokoa maisha ya watu kwa kalamu na hesabu kuliko kwa taa yake.

Basi asilazimishwe mtu, kwani uongozi ni amana, na akataaye kwa kujijua hana aibu. Lakini aitwaye afundishwe kabla ya kukabidhiwa funguo. Apewe amri inayolingana na lawama. Wala asikatazwe kupita vitandani kila siku, maana huko ndiko atakakojua upungufu ulipo. Mume na jamaa wampunguzie kazi za nyumbani. Na wanakijiji, dawa zisipokuwapo, waulize kwanza kabla ya kutukana.

Wema wote wakikimbia kiti, kiti hakitabaki kitupu. Atakikalia asiyewahi kukesha na mgonjwa, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Mwenyezi Mungu awape wauguzi nguvu na subira, na awaponye wagonjwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.