Rangi Mpya Isimdanganye Fundi: Kufufua Mashine Kuukuu ya Kukereza Vyuma

Mazungumzo kwa mafundi wa jua kali na wakufunzi wa vyuo vya ufundi



Shafti ya kinu cha posho ikilika, mwenye kinu huibeba hadi mji mkubwa na kusubiri foleni, au hutafuta fundi wa karibu mwenye mashine ya kukereza vyuma, ile ambayo wengi huiita lethi. Mashine mpya ni ghali. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha karakana nyumbani huangalia kuukuu: Colchester, Harrison au Myford, zote za Uingereza, nyingine zikiwa na umri unaomzidi yeye mwenyewe. Umri si tatizo. Kinachomaliza akiba ya mtu ni kununua rangi, na mashine ya miaka sitini inayong'aa kama ya jana inafaa kutiliwa shaka kuliko ile yenye mafuta na vumbi.

Uchunguzi uanzie kwenye kitanda, yaani reli ambazo gari la kubeba kisu hutembea juu yake. Sehemu iliyo karibu na chaki hulika kwanza kwa sababu kazi nyingi ni fupi na hufanyika hapo. Upande wa mkia husalia karibu kama ulivyotoka kiwandani. Jaribio lake ni la bure: gari lisogezwe karibu na chaki, vibano vyake vikazwe mpaka lisicheze, kisha lisukumwe polepole kuelekea mkiani. Likikwama njiani, kitanda kimelika. Kukinyoosha huhitaji mashine kubwa ya kusaga, na gharama yake inaweza kupita bei ya lethi nzima. Hapo muuzaji ashushe bei sana, au fundi aende zake.

Baada ya kitanda ni mhimili unaozungusha chaki. Kipimo cha saa kiwekwe juu yake, kisha uinuliwe kwa kipande cha mbao. Mshale ukisogea zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, beringi zimelegea. Hili si lazima livunje biashara. Myford ML7, iliyoingia sokoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ina beringi za metali nyeupe ambazo hukazwa kwa kupunguza vibati vyembamba vilivyo chini ya vifuniko vyake.

Karatasi nazo zikaguliwe. Mashine ya taasisi ya umma huuzwa kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, ambayo njia zake ni pamoja na zabuni na mnada wa hadhara. Anayeuziwa mashine ya chuo jioni, nyuma ya karakana, bila stakabadhi, anaweza kupoteza pesa na mashine pia.

Kusafisha ni kazi ya subira. Mafuta ya taa na brashi huondoa grisi iliyoganda. Vipande vidogo vyenye kutu huwekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia, kisha huunganishwa na chaja ya betri ya gari: kipande kwenye hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Chuma hicho kisiwe kile kisichoshika kutu, maana huachia sumu majini. Ndoo ikae nje, mbali na moto, kwa sababu hewa inayotoka hulipuka. Rangi ya zamani isisuguliwe kwa msasa mkavu. Nyingi ilikuwa na risasi, na karakana ya nyumbani ina watoto.

Stima ndiyo huwakwamisha wengi. Mashine hizi mara nyingi zina mota ya fezi tatu, volti 415, ilhali nyumba nyingi zina fezi moja, volti 240. Kibao cha mota kikionyesha volti zote mbili, nyaya zinaweza kupangwa upya kwa 240 na mota kuendeshwa kwa kifaa ambacho wauzaji hukiita VFD, ambacho pia hubadilisha kasi. Kikionyesha 415 pekee, kuweka mota ya fezi moja huwa rahisi zaidi. Kwa chaki inayofungwa kwa hesi, VFD isiwekwe kusimamisha mashine ghafla, kwani chaki inaweza kujifungua na kuruka. Swichi iwe ile inayojizima stima ikipotea. Stima zetu hurudi bila kubisha hodi, na mkono unaweza kuwa bado upo kwenye chaki. Waya wa ardhi na vikinga vya mikanda na gia haviachwi, na glavu hazivaliwi mashine ikizunguka.

Katika vifaa, pesa ya kwanza iende kwenye chaki ya taya nne. Ya taya tatu ni ya haraka, lakini ya nne hubana chuma cha umbo lolote na kukileta katikati barabara. Visu vya chuma cha kasi, vinavyonolewa kwa jiwe la karakana, hufaa mashine hizi zaidi kuliko vya kabaidi, ambavyo hutaka mwendo ambao nyingi hazina.

Limebaki suala la hesi. Lethi nyingi za zamani za Uingereza hupima kwa inchi, ilhali bolti nyingi madukani leo ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Ndiyo maana gia ya meno 127 hutafutwa sana. Ni kubwa, na katika mashine ndogo mara nyingi haina nafasi. Gia za meno 80 na 63 zikishirikiana hukaribia uwiano wa 127 kwa 100 kwa kosa la sehemu moja kati ya 8,000, na kwa nati ya kinu cha posho kosa hilo halionekani. Anayenunua aulize gia za ziada kabla ya kulipa, maana ndizo hupotea kwanza mashine inapohamishwa.

Maswali sasa.