Kuchanganya Virutubisho Sawasawa Katika Chakula cha Mbwa na Paka Kinachotayarishwa Nyumbani

Maelezo ya mazungumzo kwa wakazi wa Nyali wanaofuga mbwa na paka



Kuanzia Kongowea hadi Mkomani, Frere Town hadi Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani, mbwa na paka wamo katika nyumba nyingi. Yuko mbwa wa kulinda lango, yuko paka wa kufukuza panya ghalani, na wako wanaofugwa kwa mapenzi tu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Ndiyo maana chakula cha wanyama hawa ni jambo la kuzungumzwa hadharani. Mnyama asiyelishwa vizuri huumia mwenyewe, na nyama mbichi isiyoshikwa vizuri huweza kuwaumiza walio nyumbani.

Chakula cha pakiti ni ghali kwa familia nyingi. Wengi huenda buchani wakanunua nyama, mapupu, utumbo na ini, au wakakusanya vichwa vya samaki sokoni, na kuwapa wanyama vikiwa vibichi au vimechemshwa. Walio waangalifu hununua na unga wa vitamini na madini wakautia humo. Tatizo ni namna unavyotiwa. Mara nyingi hunyunyiziwa juu ya sufuria, mwiko ukazungushwa mara mbili tatu, kisha chakula kikagawanywa. Hapo mbwa mmoja hupata unga mwingi kuliko anavyohitaji, na mwenzake hapati kitu.

Kwa nini nyama peke yake haitoshi

Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Kilo moja ya nyama isiyo na mafuta ina fosforasi takriban gramu 2, na kalsiamu takriban sehemu moja ya kumi ya gramu. Mwili wa mbwa unahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo. Isipopatikana kwenye chakula, mwili huitoa kwenye mifupa yake wenyewe. Kwa mtoto wa mbwa anayekua, matokeo yake ni maumivu, matege, na mifupa inayovunjika kwa mruko mdogo tu. Mwenye mbwa hushangaa, kwa sababu mnyama wake alikuwa akila nyama kila siku.

Paka ana mahitaji yake. Bila taurini ya kutosha, macho yake huharibika na moyo wake hudhoofika. Taurini hupatikana kwenye nyama na samaki, lakini huyeyuka katika maji, hivyo mchuzi ukimwagwa nayo hupotea. Tena hapa Pwani kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo aina kadhaa za dagaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki hao wabichi siku nenda siku rudi huweza kulegea, kuinamisha shingo na kushikwa na degedege. Samaki wakipikwa, kimeng'enya hicho hufa.

Upungufu ni upande mmoja, na kuzidisha ni upande wa pili. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kuharibu figo. Paka anayekula ini tupu kwa muda mrefu hupata vitamini A kupita kiasi, na mifupa ya shingo yake huweza kushikana hata ashindwe kujilamba. Kwa hiyo unga wa virutubisho unatakiwa uwe kwa kipimo, na kipimo hicho kifike kwenye kila bakuli.

Hesabu ya kitu kidogo ndani ya kitu kikubwa

Uchukuliwe mfano wa unga wa maganda ya mayai, ambao wengi wanaweza kuutengeneza. Maganda huoshwa, huchemshwa kwa dakika 10, hukaushwa kabisa, husagwa mpaka yawe laini kama unga wa ngano, kisha huchekechwa. Karibu asilimia 38 ya unga huo ni kalsiamu. Mbwa mzima anayelishwa nyama isiyo na mfupa huhitaji takriban gramu 6 za unga huo kwa kila kilo moja ya nyama. Hiyo ni chini ya sehemu moja katika mia.

Sasa nyumba yenye mbwa wawili itayarishe kilo 3 na gramu 200 za nyama, igawanywe mafungu 8 ya gramu 400. Unga unaohitajika ni gramu 19. Kila fungu linapaswa kuwa na gramu 2 na nusu hivi. Unga ukimwagwa mahali pamoja na kukorogwa kidogo, huenda fungu moja likabeba gramu 8 na mafungu mawili yakakosa kabisa. Ikiwa kinachochanganywa ni vitamini D badala ya ganda la yai, tofauti hiyo ndiyo inayompeleka mnyama kwa daktari.

Njia ya kuchanganya

Mpishi wa mahamri haitupi hamira kavu juu ya unga mzima. Huiyeyusha kwanza katika maji vuguvugu. Mpika uji naye hukoroga unga kidogo katika maji baridi kabla ya kuutia chunguni, usije ukafanya madonge. Kanuni hiyo ndiyo inayotakiwa hapa: kitu kidogo huchanganywa kwanza na kitu kidogo, kisha huongezwa hatua kwa hatua. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza, kila kitu kipimwe kwa mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha kwa nyama na kwa unga wa maganda. Kwa vitamini zinazopimwa chini ya gramu 5, inafaa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko hudanganya, kwa sababu unga ulioshindiliwa na ulio mwepesi hujaza kijiko kimoja kwa uzito tofauti.

Pili, nyama isagwe au ikatwe vipande vidogo sana. Mabucha mengi yana mashine ya kusagia. Vipande vikubwa hubeba unga kwa nje tu, na mnyama mwenye kuchagua, hasa paka, hula anachopenda na kuacha chenye unga.

Tatu, mchanganyiko wa mwanzo utengenezwe peke yake. Gramu 19 za unga zitiwe kwenye gramu 100 za ini lililosagwa pamoja na vijiko vichache vya maji, vikorogwe mpaka kusionekane doa jeupe wala donge.

Nne, nyama iongezwe kwa kiasi kilicho sawa na kilichomo kwenye bakuli. Gramu 100 huongezwa 100 zikawa 200, huongezwa 200 zikawa 400, kisha 800, kisha 1,600, kisha 3,200. Ni nyongeza tano tu. Kila moja ikorogwe vizuri kabla ya inayofuata. Chombo kiwe kipana, kama beseni au karai, na nyama ipinduliwe kutoka chini kwenda juu huku kingo zikikwanguliwa.

Tano, mafuta ya samaki, kama yapo, yatiwe mwisho. Yakitangulia, unga hushikana na kufanya madonge.

Sita, kwa wanaopika, unga wa vitamini utiwe chakula kikiwa kimepoa kiasi cha kushikika kwa mkono, kwa sababu moto mkali huharibu baadhi ya vitamini. Mchuzi usimwagwe, urudishwe chakulani.

Saba, mafungu yapimwe kwa mizani na kuandikwa tarehe. Yakigandishwa na kuyeyuka, maji yanayotoka hubeba vitamini na taurini. Yakorogwe tena na kupewa mnyama pamoja na chakula chake.

Jaribio la choroko

Mkono huweza kudhani umemaliza kumbe bado. Kuna jaribio rahisi. Punje 100 za choroko zilizochemshwa zichanganywe katika nyama kwa njia iliyoelezwa, kisha nyama igawanywe mafungu manne yenye uzito sawa, na punje zihesabiwe. Zikikaribia 25 katika kila fungu, mkono umefika. Tofauti ya punje chache ni ya kawaida. Fungu moja likiwa na 40 na jingine 10, ukorogaji haujatosha. Viwanda vya chakula cha mifugo navyo hupima mashine zake kwa namna hii, kwa kuchukua sampuli sehemu mbalimbali na kulinganisha kilichomo.

Yasiyofaa kutiwa

Virutubisho vya kuku au ng'ombe vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo visitumiwe kwa mbwa wala paka. Vipimo vyake si vyao. Vidonge vya kalsiamu vya watu mara nyingi vina vitamini D ndani yake, na baadhi ya dawa tamu za watu zina zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, na paka huumia zaidi. Ute wa yai bichi huzuia mwili kutumia bayotini, hivyo yai lipikwe.

Watoto wa mbwa wa aina kubwa wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kalsiamu ikizidi nayo hupinda mifupa yao. Kwao, na kwa mnyama mwenye mimba au mgonjwa, kipimo kitolewe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ganda la yai hutoa kalsiamu tu. Halitoi zinki, ayodini wala vitamini E, na mlo wa miezi mingi unahitaji hesabu kamili.

Nyama mbichi na afya ya nyumba

Madaktari wengi wa mifugo duniani hawashauri nyama mbichi. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kina msimamo huo tangu 2012. Nyama mbichi huweza kuwa na salmonela, listeria na vijidudu vingine, na kugandisha hakuviui, hupunguza tu kasi yake. Katika joto la Mombasa nyama iliyoachwa mezani huharibika upesi. Friji iwe chini ya nyuzi 4 za selsiasi, na stima ikipotea kwa saa nyingi nyama iliyoyeyuka na kupata joto itupwe.

Mapupu na ini vina hatari nyingine. Kuna tegu mdogo wa mbwa aitwaye Echinococcus. Mbwa humpata kwa kula viungo vibichi vya ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia vyenye uvimbe wa maji ndani yake. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, na mtu akiyameza huota uvimbe kama huo kwenye ini au mapafu, ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Turkana iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na katika miaka ya 1980 AMREF iliendesha huko mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo. Mbwa mwenyewe huonekana mzima kabisa.

Kwa sababu hiyo viungo vinunuliwe kwenye bucha lenye nyama iliyokaguliwa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356. Kiungo kilichokataliwa na mkaguzi kisiwe chakula cha mbwa. Ini na mapupu yachemshwe angalau dakika 30, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari.

Nyumba nyingi za Pwani zina desturi ya kutenga vyombo vya mbwa. Desturi hiyo inafaa kiafya pia. Beseni, kisu na ubao wa kuchanganyia visirudi kwenye chakula cha watu. Mikono ioshwe kwa sabuni, na sehemu iliyotumika ipanguswe kwa dawa ya klorini. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu ni heri ipike chakula chote. Virutubisho huchanganyika vizuri katika chakula kilichopikwa kama katika kibichi.

Mwisho, hakuna unga unaochukua nafasi ya chanjo. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mbwa aliyeshiba vizuri lakini hajachanjwa bado ni hatari kwa mtoto wa jirani. Mwenye kuona mnyama wake anachechemea, anatapika, anakunywa maji kupita kawaida au miguu yake inapinda, asiongeze unga wala asiupunguze kwa kubahatisha. Ampeleke kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, akiwa na orodha ya kila kitu anachomlisha na uzito wake kwa gramu. Orodha hiyo humsaidia daktari kujua pa kuanzia.