Kaye, Biki na Mashini ya Kushona

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama na wafadhili, mkutano wetu wa Makiso



Niliombwa nizungumze juu ya mama mmoja aliyejitolea maisha yake kwa wengine. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma, kwenye kazi yangu ya zamani, niliandika mradi wa mashini za kushona kwa wamama waliorudi nyumbani kisha vita. Mashini zilifika, tukapiga picha, ripoti ikapendeza. Kisha miezi michache nikapita kuwasalimu. Mama mmoja alikuwa ameuza yake. Nilikasirika kidogo, nikamuuliza sababu. Akanijibu kwa upole: «Mwana yangu, mashini ni muzuri. Lakini vipimo vya bakiriya nilikuwa naviweka paka mu kichwa. Siku moja nikakata kikwembe cha mutu vibaya, nikalipa. Mara ya pili, nikalipa tena. Basi nikaiuzisha.»

Kumbe mama hakujua kuandika namba. Mimi, na diplome yangu ya universite, sikumuuliza.

Siku ile njo nilianza kufuata kazi ya Sista Angélique Namaika wa Dungu. Wengi wenu mnaijua Dungu. Leo iko Haut-Uele, lakini mbele ya 2015 ilikuwa jimbo moja na sisi, Province Orientale, na mji mkuu ulikuwa hapa hapa Kisangani.

Sista Angélique alizaliwa 1967. Alipokuwa mtoto aliona mtawa mmoja kutoka Ujerumani akihudumia wagonjwa kijijini bila kupata hata saa ya kupumzika. Mtoto akawaza: nikikua nitakuwa mtawa pia, nimsaidie huyu mama apumzike. Wito wake ulianzia pale, kwa kumhurumia mtu aliyechoka.

Mwaka 2008, mambo ya LRA ya Joseph Kony, wale tunaowaita tongo-tongo, yalizidi ubaya. Vijiji vilichomwa, watoto na wasichana walitekwa. Mwaka ule ule Sista akaanzisha kituo cha kuwarudisha wanawake katika maisha na maendeleo. Mwaka 2009 yeye mwenyewe alilazimika kukimbia. Kwa hiyo alipokaa na mkimbizi, alijua mguu wa kukimbia unauma namna gani.

Alikuwa akipanda baisikeli yake, kwenye njia zenye mashimo na matope, kuwafikia wamama. Aliwafundisha kuoka mkate, kupika, kushona na kulima. Lakini aliwafundisha pia kusoma na kuandika kwa Lingala, lugha ya soko na ya njia kule. Yatima nao walipata kwake mtu wa kuwalea. Hakuzaa, lakini ni mama wa wengi. Mwaka 2013, wakati Umoja wa Mataifa ulipompa tuzo ya Nansen kule Geneva, wanawake na wasichana waliopitia mikononi mwake walikuwa wamepita 2,000.

Ndugu zangu, sikuleta habari hii ili tupige makofi tu. Kuna neno mbele yetu. Katika bajeti ya mwaka kesho, darasa letu la kusoma la wamama limewekewa alama ya kuuliza. Wengine wanasema: herufi hazionekani kwenye picha, tununue vifaa. Ninawaelewa. Na mimi niliwahi kuwaza vile.

Lakini mwenye mashini bila kalamu anafanya kazi kwa giza. Msichana aliyetoka porini na mtoto mgongoni, akijua kuandika jina lake na kuhesabu deni la mteja, hakuna atakayemdanganya kwa urahisi. Hicho ni kitu ambacho hata vita ikirudi, hakuna wa kukipora.

Pia tusidanganyane juu ya kujitolea. Sista anakula mezani na watawa wenzake. Mwalimu wetu wa kujitolea anauza sombe sokoni asubuhi ili watoto wake wale jioni. Akija kufundisha, anaacha meza yake. Tukimwambia «jitolee» bila nauli ya toleka, bila chaki, bila mtu wa kumshikia mtoto, tunamtumia vibaya. Atachoka, ataacha, na tutasema wamama hawana moyo.

Basi ninaomba mambo mawili. Ninyi wafadhili, msiondoe darasa. Punguzeni hata mashini mbili kama ni lazima, lakini kaye na biki zibaki. Na sisi wanachama, kila anayejua kusoma atoe saa mbili kwa juma: mmoja afundishe, mwingine alinde watoto, mwingine akae kwenye meza ya mwalimu pale sokoni mpaka arudi.

Yule mtoto aliona mtu aliyechoka, akataka kumsaidia. Hapa kati yetu kuna waliochoka, tunawaona kila siku. Tuanze na wale.